Namna ya Kumtambua Askari wa Majini Katika Habari za Vita

Neno "wanamaji" hutumika kwa watu wawili wasiofanana: baharia wa manowari, anayeiendesha meli na kuihudumia mizinga yake, na askari wa majini, ambaye ni mwanajeshi wa miguu anayesafiri kwa meli ili akapigane nchi kavu au sitahani. Ukitaka kuwatenganisha, liache jina na uichunguze kazi.

Uliza kwanza kikosi kiliundwa kwa ajili gani. Waingereza walipounda chao mwaka 1664, waliandikisha askari wa miguu 1,200 wa kwenda baharini. Wahispania, ambao huhesabu chimbuko la kikosi chao tangu 1537, walikuwa wamewatangulia, na Wamarekani walifuata mwaka 1775.

Kisha tazama mahali alipolala. Katika manowari za matanga za Uingereza, vitanda vya kuning'inia vya askari hawa vilifungwa kati ya vyumba vya maofisa na sehemu ya mabaharia, hivi kwamba mabaharia wakiasi, wangelazimika kupita kwanza kwa watu wenye bunduki. Kwangu mimi, hakuna ushahidi ulio wazi kuliko huo kwamba hao hawakuwa mabaharia waliopewa silaha tu.

Mwisho fuatilia alivyofika ufukoni na alichofanya baadaye, na hapa historia yetu inatufaa sana. Askari wa Tanganyika Rifles walipoasi Januari 1964, Mwalimu Nyerere aliomba msaada wa Uingereza, na asubuhi ya tarehe 25 helikopta ziliruka kutoka manowari Centaur, iliyokuwa imetokea Aden, zikawashusha askari wa majini wa Komando ya 45 kwenye uwanja wa mpira kando ya kambi ya Colito, ambayo leo ni Lugalo. Manowari nyingine, Cambrian, ilipiga mizinga ili kuwababaisha waasi. Mizinga ya Cambrian ilikuwa mikononi mwa mabaharia, ilhali walioingia kambini kuwanyang'anya waasi silaha walikuwa askari wa majini.

Kwa hiyo, unapoandika, sema "mabaharia" kwa hao wa kwanza na "askari wa majini" kwa hao wa pili, na pale waliposhuka pamoja, kama Unguja mwaka 1896, wataje wote wawili.