Somo la jamii: anzeni na sambaza

Walimu wenzangu wa Bukavu, somo la jamii na dunia likiwasinzisha watoto, wekeni ramani kando kwanza. Leteni darasani kikombe cha sambaza wakavu, wale samaki wadogo wa ziwani, kutoka sokoni.

Waulizeni: hawa samaki wamepitia mikono ya nani? Hapo darasa linaamka. Hakosekani mtoto mwenye mjomba mvuvi. Huyo mwacheni asimulie ile mitumbwi mitatu iliyounganishwa kwa miti mirefu, na taa zinazowashwa usiku ili sambaza wasogee juu. Halafu yuko mama anayewanunua alfajiri kando ya ziwa, mtoza ushuru, mchuuzi wa soko la Kadutu. Kila mmoja aandikwe ubaoni, mshale ukimpeleka kwa mwenzake. Ushuru utazua maswali: unaenda wapi, unafanya kazi gani? Msiyakimbie, maana uraia wenyewe ndio huo.

Ndipo muwaambie kwamba sambaza si mwenyeji wa Ziwa Kivu. Aliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwaka 1959. Sasa tandazeni ramani. Kivu sisi Wakongo tunagawana na Rwanda. Tanganyika tunagawana na Burundi, Tanzania na Zambia. Mto Ruzizi unatoka Kivu kuingia Tanganyika. Wakitaja bugali, yaani ugali wa muhogo, muhogo nao ulivushwa bahari na Wareno kutoka Amerika ya Kusini.

Kazi ya nyumbani: kila mtoto amuulize mzee wa kwao ni samaki gani waliliwa zamani, na walinunuliwa wapi.