Methotreksati: iandike siku kwenye boksi

Kama wewe au mzazi wako ameanzishiwa methotreksati kwa ajili ya baridi yabisi, chukua kalamu ya wino mzito uandike siku ya kumeza juu ya boksi, kwa herufi kamili, kwa mfano: IJUMAA TU. Usiandike J3 wala J4, mtu mwingine nyumbani atadhani ni idadi ya vidonge. Kwa ugonjwa huu dawa hii humezwa mara moja kwa wiki. Ikimezwa kila siku kama dawa ya presha, huzuia uboho, ute ulio ndani ya mifupa, kutengeneza chembe za damu, na inaweza kuua. Asidi ya foliki (vitamini inayoandikwa pamoja na dawa hii), ukiandikiwa, ipangie siku nyingine.

Mbinu hii haisaidii pale duka la dawa linapobadilisha nguvu ya kidonge. Vipo vya miligramu 2.5 na vya 10. Siku itakuwa sahihi, dozi ikawa mara nne. Kwa hiyo soma miligramu kila unapochukua dawa mpya. Ukisahau siku yako, usimeze dozi mbili kufidia. Vidonda mdomoni, homa au michubuko isiyo na sababu: hospitali siku hiyohiyo.