Wazo ulikuwa nalo wewe kwanza? Hivi ndo unavothibitisha kwenye kesi ya hataza Marekani

Hataza (patent) ni haki ya kisheria ya mwenye uvumbuzi, na wewe na mwenzio mnagombania nani alikuwa na wazo kwanza. Kwanza kabisa angalia tarehe ya maombi ya hataza. Yaliyoingia kabla ya 16 Machi 2013 yanafuata sheria ya zamani ya Marekani, aliyevumbua kwanza ndo mwenye haki. Ya kuanzia siku hiyo ni aliyewahi kufaili, yani kupeleka maombi, hapo kilichobaki ni kuonyesha mwenzio kalichukua wazo kwako, yani uthibitishe ulikuwa nalo kabla yake na pia lilimfikiaje, kwa hiyo imeili na meseji mlizotumiana usifute hata moja.

Sasa ushahidi wenyewe. Neno lako peke yako halitoshi, hata uape vipi. Tafuta mtu ambaye sio mvumbuzi mwenzio, anaeelewa hiyo kazi, asome daftari lako, aandike "nimesoma nimeelewa", asaini na tarehe ya siku hiyohiyo. Daftari liwe la kushonwa, kurasa zina namba, unaandika kwa peni, ukikosea piga mstari mmoja tu usichane karatasi. Na kilichoandikwa kiwe wazo kamili, sio "natamani kuwe na mashine ya hivi", mtu wa fani hiyo akisoma aweze kuitengeneza bila kuanza utafiti upya.

Ila daftari zuri nalo linaweza kukuangusha, na hii inaniuma kila nikiikumbuka. Gordon Gould, mwanafizikia wa Marekani, New York, Novemba 1957, kaandika hesabu zake za leza, na neno lenyewe LASER lipo hapohapo juu ya ukurasa wa kwanza, akalibeba daftari mpaka kwenye duka la pipi ambalo mwenye duka alikuwa notari (mtu anaeruhusiwa kisheria kuthibitisha nyaraka), likagongwa mhuri. Tarehe ipo, shahidi yupo! Lakini alidhani lazima kwanza aunde kifaa kifanye kazi, akafaili Aprili 1959, wakati Townes na Schawlow, wanafizikia wengine waliokuwa na wazo hilohilo, walishafaili Julai 1958. Akashindwa, maana hakuweza kuonyesha kwamba muda wote huo alikuwa analifanyia kazi wazo lake bila kulilaza. Hataza za leza za Marekani alikuja kuanza kuzipata 1977, miaka 20 baadae.

Kwa hiyo kama kesi yako ni ya ile sheria ya zamani na mwenzio alikutangulia kufaili, panga kalenda kuanzia kabla kidogo mwenzio hajapata wazo lake mpaka siku uliyofaili au kifaa kilipofanya kazi, kila wiki uwe na kitu, risiti ya vifaa, matokeo ya majaribio, barua kwa wakili, na penye pengo andika sababu na karatasi yake, kama uliumwa weka cheti cha hospitali.