Uliza lenzi yako imetengenezwa kwa nini

Mimi ni muuguzi wa macho. Katika upasuaji wa mtoto wa jicho, lenzi ya asili iliyoingia ukungu hutolewa na lenzi bandia huwekwa ndani ya jicho. Kila mgonjwa ninayemwandaa kwa upasuaji huo namhimiza amuulize daktari: "Lenzi nitakayowekewa ni ya plastiki ngumu, silikoni au akriliki?" Wengi huona haya kuuliza. Uliza tu, jicho ni lako.

Plastiki ngumu, yaani PMMA, ndiyo ya kwanza. Daktari wa macho Mwingereza, Harold Ridley, aliitumia London mwaka 1949. Haikunjiki, kwa hiyo huhitaji mkato wa milimita 5 au 6. Silikoni na akriliki ni laini, hukunjwa zikapita kwenye tundu la milimita 2 hadi 3, ambalo kwa kawaida hujifunga bila mshono. Nikiwa pembeni ya daktari nimeziona zikifunguka ndani ya jicho: silikoni hufyatuka ghafla, akriliki nyingi hujikunjua polepole kama jani changa.

Kidonda kikishafunga, kupona hakujaisha. Seli chache za lenzi ya asili hubaki kwenye mfuko wake, na zikitambaa nyuma ya lenzi bandia hutanda ukungu. Wagonjwa husema mtoto wa jicho amerudi. Hajarudi, ni utando huo, na daktari huufungua kwa leza kwa dakika chache. Akriliki isiyonyonya maji hugandamana vizuri na mfuko, na ukingo wake ukiwa mkali wa pembe mraba huzizuia seli kupita. Akriliki inayonyonya maji ni laini na jicho huipokea kwa upole, ila utando huonekana zaidi. Mimi ukingo nautilia maanani sawa na malighafi ya lenzi.

Mweleze daktari historia yako yote kabla hajachagua. Kama una kisukari kilichogusa retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, au retina yako iko hatarini, lenzi ya silikoni inaweza kuleta taabu baadaye, kwa sababu mafuta ya silikoni yanayotumika kutibu retina hunata kwenye lenzi hiyo na kuitia ukungu. Kama konea yako, kioo cha mbele ya jicho, ni dhaifu na huenda ikahitaji kupandikizwa, taja pia: hewa au gesi inayowekwa jichoni wakati huo inaweza kuifanya akriliki inayonyonya maji iwe nyeupe kwa chokaa. Na kama jicho limewahi kuvimba kwa ndani, litulizwe kwanza.

Baada ya upasuaji nawa mikono, tia matone kama ulivyoandikiwa, usilisugue jicho. Maumivu yakizidi, wekundu ukiongezeka au uoni ukishuka, nenda siku hiyohiyo, hata usiku, lenzi iwe ya aina yoyote.

Utapewa kadi ndogo yenye aina ya lenzi, nguvu yake na namba yake. Ipige picha, nakala mpe mwanao. Nilimpokea mama mmoja aliyehitaji upasuaji wa retina, kadi hana, na tulipoteza asubuhi nzima tukipekua mafaili huku yeye akisubiri na jicho limefungwa.