Uliza kwanza darasa la chokoleti linaanzia wapi

Ukipita Brussels na ukataka kutengeneza chokoleti kwa mikono yako, kabla ya kulipia uliza: tutaanzia wapi? Madarasa mengine hukupa chokoleti iliyokwisha kuyeyushwa, kazi yako kumimina na kupamba tu. Tafuta lile linalofundisha kuipoza. Chokoleti nyeusi huyeyushwa hadi nyuzi 45 hivi, hushushwa hadi 28, kisha hupandishwa tena hadi 31 au 32. Hapo ndipo inapopata mng'ao, na ukiivunja inalia ta! Nilipomwaga yangu juu ya marumaru na kuikusanya kwa mwiko bapa, niliiona ikizidi kuwa nzito kama uji wa ulezi. Huwezi kuyajua hayo kwa kusoma.

Kausha vyombo na mikono vizuri mno. Tone la maji tu, chokoleti inashikana mabonge.

Na kama unawapelekea watu Dar, tengeneza vipande bapa vyenye lozi na zabibu kavu. Vyenye krimu ndani kuleni hukohuko, havikai. Beba kwenye begi la mkononi, visije vikaachwa juani uwanja wa ndege.