Modemu ya USB haisomi kwenye Linux? Cheki kama bado imejifanya CD

Wengi wakichomeka modemu kwenye Ubuntu au Mint wanaona linafunguka folda la setapu ya Windows afu basi, intaneti hamna, wanaanza kusema Linux haina draiva. Draiva ipo ndani ya keneli (kiini cha Linux) siku nyingi tu, ishu ni kwamba hizi Huawei na ZTE ukizichomeka zinajitambulisha kwanza kama CD ili Windows iinstolie programu yake, kwa hiyo kazi yako ni kuigeuza iwe modemu.

Fungua terminali, andika lsusb, itakuorodheshea vifaa vya USB. Huawei namba zake zinaanza na 12d1, ZTE ni 19d2, ukiona mfano 12d1:1446 ujue bado iko kwenye CD. Kinachoigeuza ni usb-modeswitch, mara nyingi kinakuja na Ubuntu yenyewe, kama huna chomeka simu kwa waya ukope intaneti yake afu piga:

sudo apt install usb-modeswitch modemmanager

Chomoa modemu, irudishe, ipe kama nusu dakika hivi. Ikigoma ilazimishe:

sudo usb_modeswitch -v 12d1 -p 1446 -J

Namba weka za kwako, na hiyo -J ni ya Huawei tu. Rudia lsusb, namba ya pili ikibadilika pagumu umepita, hata sudo dmesg itakuonyesha ttyUSB0 na wenzake, yaani milango ya modemu.

Sasa mmcli -L, modemu ikitokea hapo unganisha:

nmcli con add type gsm ifname '*' con-name modemu apn internet
nmcli con up modemu

Hiyo internet ni APN (jina la mlango wa intaneti wa mtandao wa simu) ya Vodacom Tanzania, wa Safaricom Kenya andikeni safaricom. Laini yenye PIN itolee PIN kwenye simu kabla, utapunguza maswali.

Ila kama yako ni HiLink (inayofanya kazi kama ruta ndogo), mfano baadhi ya E3372 (siyo zote, zingine ni za kawaida), haya ya APN na nmcli achana nayo, Linux inaiona kama kadi ya netiweki ya waya, we fungua 192.168.8.1 kwenye brauza umalizie huko.

Ikiunganika afu inakatakata, usiichomeke kwenye hab ya bei chee, modemu inakula umeme, ipeleke moja kwa moja kwenye mashine. Na ikisema imeunganika ila kurasa hazifunguki, cheki bando kwanza kabla hujaanza kuformati kompyuta.