Jinsi ya Kufuatilia Uchaguzi wa Rais wa Kiribati

Anayetaka kuzielewa siasa za Kiribati, nchi ya visiwa katika Bahari ya Pasifiki ambayo jina lake wenyewe hulitamka Kiribas, asianze na vyama, kwa kuwa huko vyama ni makundi legevu ya wabunge. Aanze na Bunge lenyewe, Maneaba ni Maungatabu, ambalo hukutana Ambo katika Tarawa Kusini. Maneaba ni nyumba ya mikutano ya kijiji, ambamo wazee huketi na kuamua mambo. Mtu wa pwani yetu angeiita baraza bila kusita.

Fuatilia kwanza uchaguzi wa wabunge, unaofanyika kila baada ya miaka minne au mapema zaidi Bunge likivunjwa. Usiichukue orodha ya duru ya kwanza kuwa kamili, kwani jimbo ambalo wagombea hawakuvuka nusu ya kura hurudia. Kiti kimoja hakigombewi kabisa: ni cha watu wa Banaba, ambao kisiwa chao kiliharibiwa na uchimbaji wa fosfeti, wakahamishiwa kisiwa cha Rabi nchini Fiji mwaka 1945, na hadi leo baraza la Rabi ndilo linalomteua mwakilishi wao.

Bunge jipya likikutana, humchagua Spika kutoka nje ya wabunge. Kisha huja hatua ambayo wageni wengi huipita bila kuitazama: wabunge huteua miongoni mwao wagombea wa urais, ambao Katiba inataka wawe watatu au wanne, na ndipo wananchi wa nchi nzima wanapopiga kura kumpata Beretitenti, yaani Rais. Kundi lenye wabunge wengi laweza kuamua nani asifike kwenye karatasi ya kura, lakini haliwezi kumpa mtu urais. Kwa hiyo usihesabu viti ukadhani umeshamjua mshindi. Mwaka 2020 kundi la Taneti Maamau, aliyekuwa Rais wakati huo, lilipoteza wingi bungeni, naye akashinda urais tena.

Baada ya hapo, kaa macho na kura ya kutokuwa na imani. Ikipita, Rais huondoka madarakani na Bunge nalo huvunjwa, hivyo mbunge anayetaka kumng'oa Rais hana budi kukiweka rehani kiti chake mwenyewe. Katika kipindi hicho nchi huongozwa na baraza la watu watatu: mwenyekiti wa Tume ya Utumishi wa Umma, Jaji Mkuu na Spika. Mfano mzuri wa kujifunzia ni wa mwaka 2003. Rais Teburoro Tito alichaguliwa tena Februari, akaangushwa bungeni Machi, na Julai Anote Tong akashinda urais katika uchaguzi ambao ndugu yake wa damu, Harry Tong, alikuwa mpinzani wake. Anote alikaa hadi 2016, mihula mitatu, ambayo ndiyo kikomo cha Katiba.